Gramu Sabini kwa Mia Saba

Ijumaa, 3 Hidar

Yeshimebet ameondoka na basi la alfajiri kwenda Hawassa. Dada yake kateleza bafuni, kifundo cha mguu kimevimba. Atarudi Jumapili ya wiki ijayo, sikukuu ya Mikaeli. Siku tisa!

Mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, akanipa agizo. Jebena, chungu chetu cha kahawa, nimpelekee Askale, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, ambaye ya kwake imezeeka, ili awe anawapikia watu kahawa mpaka yeye arudi. Nikamuuliza kwa nini Askale, na mimi nipo? Akacheka. Dereva naye akacheka, mtu ambaye hanijui wala simjui! Yeshimebet akaniambia, "Wubshet, kahawa siyo barabara," kisha mlango ukafungwa.

Nimepima barabara za nchi hii miaka thelathini na moja. Nimepitisha mstari katikati ya vilima ambavyo mbuzi wenyewe walivigwaya. Leo nimestaafu, eti nishindwe na chungu cha udongo chenye shingo ndefu.

Tena jambo lenyewe ni zito. Miaka ishirini na saba kahawa ya saa tisa ya mtaa wetu inanywewa sebuleni kwetu, majani mabichi sakafuni, ubani, bisi, na watu. Ikihamia kwa Askale siku tisa, hairudi tena. Watu wakishazoea kiti kipya, ndiyo basi. Yeshimebet atarudi akute sebule tupu na mimi nimekaa katikati yake. Hapana! Nimeapa: Jumapili ya Mikaeli akifungua mlango, atawakuta wote wameketi palepale alipowaacha.

Jebena nimeificha kabatini nyuma ya viatu. Nimeazima mizani ya duka la dawa. Wanawake hupika kahawa kwa kukisia. Mimi nimeshapiga hesabu: kahawa sehemu moja, maji sehemu kumi. Gramu sabini kwa mia saba. Nimeibandika ukutani juu ya jiko la mkaa.

Jumamosi, 4 Hidar

Ushindi!

Wamekuja wote watatu. Askale, akiangaza macho kutafuta jebena aliyoahidiwa. Temam, fundi cherehani wa kona, ambaye kazi yake kubwa ni kunitania. Na Bibi Dinknesh, miaka themanini na kitu, ambaye ndiye hutubariki tukifika finjani ya tatu.

Nilikaanga, nikatwanga, nikapima. Temam akauliza kama mgonjwa ni nani, mbona daktari kaleta mizani. Nikamimina ya kwanza. Temam akanywa, akaitazama finjani, akaniuliza nimemficha mwanamke gani jikoni. Sijapata kusifiwa hivyo tangu nilipopima daraja la Gojeb.

Baada ya hapo nikatoka nje, nikamwaga machicha kwenye mgomba, nikapima gramu sabini nyingine kwa ajili ya duru ya pili. Askale akaanza, "Shemeji, hayo machicha..." Nikamwinulia mkono. Fundi hasemeshwi akiwa kazini. Ya tatu hivyohivyo, machicha nje, gramu sabini mpya. Nguvu ileile, kikombe hadi kikombe. Hicho ndicho kinachoitwa kipimo!

Baraka za Bibi Dinknesh zilichukua dakika arobaini. Aliwataja watakatifu wote, akaingia kwa majirani, akafika kwa mbuzi wa majirani, kisha akaanza upya. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nadhani ni furaha.

Jumapili, 5 Hidar

Dunia haina shukrani.

Asubuhi Temam yuko getini, macho mekundu kama pilipili, ameshika suruali ya miguu mitatu. Anadai hakupata lepe la usingizi, akaona bora ashone, akashona mpaka kitambaa kikaisha. Anadai ni mimi. Nikamwambia mshono wenyewe lakini umenyooka. Hakucheka. Bibi Dinknesh naye anasemekana kafagia uwanja wake, kafagia wa Askale, na alipokutwa alfajiri alikuwa anaielekea njia ya kanisani na fagio mkononi.

Askale akanieleza taratibu, kama anaongea na mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Eti kahawa hupimwa mara moja tu. Machicha hayamwagwi! Unaongeza maji juu yake duru ya pili, unaongeza tena ya tatu, ndiyo maana ya kwanza ni kali, ya pili ya wastani, na ya baraka ni nyepesi ili hata mzee akalale. Mimi nimewanywesha ya kwanza mara tatu.

Sasa ningejuaje? Maisha yangu yote nakunywa ya kwanza naondoka. Kulikuwa na kazi! Miaka ishirini na saba ya ndoa na hakuna aliyeona umuhimu wa kunijulisha. Halafu lawama zote kwangu.

Saa tisa hakuna aliyekuja. Nilisubiri mpaka makaa yakawa majivu. Halafu nikawasikia, wanacheka ng'ambo ya ua, kwa Askale. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Chakula hakikushuka.

Jioni Yeshimebet kapiga simu. Nikamwambia mambo ni moto, sebule imejaa, watu wanakanyagana. Akauliza nimekula nini. Nikasema shiro. Uongo mtupu.

Jumatatu, 6 Hidar

Wamerudi! Saa tisa kamili, wote watatu, wala sikuwaita. Harufu ndiyo iliyowavuta. Ni kweli nilikuwa sijaanza kukaanga, lakini harufu ya juzi bado imekaa.

Nilikuwa nimeshajipanga. Kama kosa ni kahawa kuzidi, dawa yake ni hesabu. Gramu sabini gawanya kwa tatu: ishirini na tatu na kitu kwa kila duru, nguvu sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kwa nini ya kwanza ipendelewe na ya tatu ionewe? Machicha nikamwaga kama kawaida yangu, mimi ni mtu msafi.

Nikamimina ya kwanza. Temam akasema anaona chini ya finjani, na chini ya finjani anaona kiganja chake. Sawa, atanie. Lakini Bibi Dinknesh haoni vizuri, ulimi ndio humwongoza. Akaonja, akaonja tena, akaweka finjani chini, akasimama, akainua mikono na kutubariki.

Nikamwambia Bibi, hii ni ya kwanza! Akasema mwanangu usinifundishe, nimekunywa kahawa kabla mama yako hajazaliwa, na hii ni ya tatu. Na baraka ikishatolewa, imetolewa. Nani atabaki kunywa baada ya baraka? Wakachukua shuka zao, wakaaga. Dakika kumi na mbili! Bisi zilikuwa bado za moto.

Nimekula bakuli zima la bisi peke yangu kwa hasira.

Jumanne, 7 Hidar

Nimegundua kosa, na si langu. Ni la mwinuko! Mji wetu wa Jimma uko juu zaidi ya mita elfu moja na mia saba. Maji huku huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo hayana nguvu ya kuitoa kahawa. Hesabu zote za mabondeni hazifai hapa. Nikarekebisha: gramu mia moja na arobaini.

Temam kaomba kijiko. Kisha kaomba injera ya kuchovyea. Bibi Dinknesh alitafuna. Askale alikunywa nusu, akatazama dari kwa muda mrefu, akamaliza iliyobaki kwa mkupuo mmoja kama anayemeza dawa ya minyoo.

Lakini walikuja! Naandika hili kwa herufi nzito. Walikuja saa tisa kamili.

Jumatano, 8 Hidar

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Nilifikiria hivi: jebena ya Askale inatoa kahawa nzuri, kwa hiyo siri imo katika tumbo la jebena ile. Ukijua kina chake, umejua maji yake. Nilimwendea kwanza kistaarabu, nikamwomba nipime kiganja chake, maana ndicho kipimo chake cha kahawa. Nikatoa utepe. Nimemshika mkono, nasoma sentimita, na nani anapita uchochoroni? Temam! Na Askale ni mjane. Temam akasema, "Mhandisi, hilo gauni nitalishona mimi au unashona mwenyewe?" Mtaa mzima umeshajua kufikia saa sita mchana.

Askale aliucheka mkono wake, akasema hapimi, anasikiliza. Jebena ikibadili sauti ndipo anaiondoa motoni. Eti inaanza kunong'ona. Nilimaliza mazungumzo. Siwezi kujadiliana na mtu anayesikiliza vyungu.

Alipoenda kusagisha tefu, jebena yake ilikuwa juani ukutani. Nikachukua timazi yangu ya shaba, nikaifunga kwenye uzi, nikaishusha ndani polepole kupitia shingoni. Uzi ukachomoka. Timazi ikatua. Kitako cha jebena kikatoka kizima, kama kifuniko.

Nani hufinyanga chungu chenye kitako chembamba namna ile?

Ilikuwa ya mama yake. Aliporudi aliviokota vipande vyote akaviweka kwenye kanga yake, hakupiga kelele, akaniambia tu kwamba mama yake aliibeba kichwani kutoka Agaro siku alipoolewa. Niliona aibu. Haya, nimeandika. Nilikwenda kabatini, nikatoa jebena ya Yeshimebet nyuma ya viatu, ninakoirudisha kila baada ya kahawa, nikampa. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Na saa tisa bado alikuja kukaa sebuleni kwangu! Na wale wawili. Sikuwa na jebena, sikuwa na kahawa, nikawapa bisi na maji. Wakakaa saa nzima. Ajabu.

Alhamisi, 9 Hidar

Kahawa katika birika la chai. Bibi Dinknesh aligusa mdomo wa birika kwa vidole, akaguna, akauliza kama tumeingia vitani. Nikamweleza kwamba kipimo ni kipimo, chombo hakina hoja: gramu sabini kwa mia saba. Na safari hii machicha sikuyamwaga, niliongeza maji kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba birika halina shingo ya kuzuia machicha, nayo yote yalitoka na ile ya kwanza. Ya pili ilikuwa maji ya moto. Ya tatu ilikuwa maji ya vuguvugu.

Temam aliniambia amefurahi kupata nafasi ya kusukutua mdomo. Amekunywa lakini. Zote tatu.

Ijumaa, 10 Hidar

Uhaini!

Leo walipoondoka nilipanda kwenye gogo nikachungulia ng'ambo ya ua. Hawaendi nyumbani! Wanatoka kwangu, wanazunguka uchochoro, wanaingia kwa Askale, na pale wanapikiwa kahawa upya. Katika jebena yangu! Bibi Dinknesh, ambaye dakika tano kabla aliniambia amejaa mpaka kooni, alinyoosha finjani mara mbili.

Nikapaza sauti kutoka juu ya ua. Nikawauliza hii ni tabia gani, kunywa kwa mtu kisha kwenda kwa mwingine? Temam alipaliwa. Askale akasema shemeji shuka, utaanguka. Nikasema sishuki mpaka nijibiwe. Bibi Dinknesh akajibu kwamba mzee akitembea kidogo baada ya kahawa hupata kiu.

Gogo likabingirika. Nimechubuka goti na kiwiko. Askale alikuja na maji ya chumvi, nikamwambia sihitaji huruma ya wasaliti, akaniosha hivyohivyo.

Kesho hawatakuja, najua. Nimewaita wasaliti mbele ya mtaa. Keshokutwa Yeshimebet anarudi, na sebule itakuwa tupu kama siku ile ya Jumapili. Hicho ndicho kinachoniuma, si goti.

Jumamosi, 11 Hidar

Wamekuja. Sielewi.

Askale amerudisha jebena ya Yeshimebet, kaiosha na kuikausha, kasema inafaa iwe mahali pake mwenye nyumba akirudi. Nikamuuliza yeye atapikia nini. Akasema atajua mwenyewe.

Nimekesha na hesabu moja tu kichwani: duru ya kesho. Machicha yakishatumika mara moja yamepoteza nusu ya nguvu. Sawa? Basi ukitaka uwiano ubaki moja kwa kumi, maji ya duru ya pili nayo yapunguzwe nusu, na ya tatu yapunguzwe tena. Safi kabisa! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Jumapili, 12 Hidar. Mikaeli

Amefika saa tisa na nusu, na begi lake na vumbi la Hawassa. Akafungua mlango. Majani mabichi chini, ubani unafuka, Askale mkekani, Temam na kanzu yake safi ingawa sikukuu si yake, Bibi Dinknesh kwenye kigoda karibu na jiko. Wote! Kama nilivyoapa! Yeshimebet alisimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja, akanitazama mimi na mizani yangu, akashika mdomo.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikuwa nusu finjani kwa kila mtu, na nzito kidogo. Ya tatu, kwa mujibu wa hesabu, ilitoka robo finjani, na sehemu kubwa ya robo ile ilikuwa machicha. Yeshimebet akainywa. Akaifuta midomo.

Bibi Dinknesh alisimama kubariki. Lakini kabla ya watakatifu alimgeukia Yeshimebet, akasema, "Mwanangu, tumemtunza. Kila siku saa tisa, kama ulivyotuomba. Sasa mpokee mtu wako, sisi matumbo yetu yapumzike."

Nikauliza, kuombwa? Kuombwa nini?

Wakaangaliana. Askale ndiye aliyesema. Jumapili ile ya kwanza, waliponicheka ng'ambo ya ua, alimpigia Yeshimebet simu kumweleza mkasa wa suruali ya miguu mitatu. Yeshimebet alicheka naye, kisha akaacha kucheka. Akasema mume wangu nyumba ikinyamaza hali wala halali, na hawezi kumwambia mtu. Akasema nendeni mkanywe kwake. Hata akiwapa tope, kunyweni mmalize, ile ya kweli mtakunywa baadaye.

Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nachungwa kama ndama! Nilikasirika. Nilitaka kusema maneno makali na nilikuwa nayo. Lakini nilimtazama Temam, akajifanya anatafuta kifungo kwenye kanzu. Nilitoka nje kuchukua mkaa. Nilikaa huko muda, mkaa wenyewe ulikuwa mwingi na ulihitaji kuchaguliwa.

Niliporudi Yeshimebet alikuwa ameshaosha jebena na anapika upya, bila mizani, kiganja kimoja na nusu, huku anasimulia habari za Hawassa hata jikoni haangalii. Wamekunywa zote tatu. Kelele za kicheko zilifika barabarani. Nami nilikunywa. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa, ingawa maji yalizidi kidogo.

Sasa wamelala wote na mimi nimekaa kutafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu wa vipimo. Yeshimebet aliwaomba, sawa. Lakini ombi hutosha siku moja. Siku ya pili mtu hupata udhuru, ya tatu huumwa kichwa. Hawa wamekuja siku saba mfululizo, siku ya mkono, siku ya birika, na hata baada ya kuitwa wasaliti, na jana na leo walimaliza mpaka tone la mwisho. Nauliza: ni binadamu gani anaweza kunywa kahawa mbaya wiki nzima kwa ajili tu ya mtu mwingine? Hayupo. Haiwezekani. Kwa hiyo kahawa ilikuwa nzuri, na wanaona haya kukiri mbele ya Yeshimebet.

Yeye amechoka na safari, apumzike wiki hii. Nitapika mimi. Nimeshapita kwenye mtaa wa pili kuwaambia watu nao waje kesho saa tisa.